Bahasha ya Highland Airways ya 29 Mei 1934: kwa nini haina stempu ya ziada?

Msomaji wa Stempu ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Nimerithi albamu ya stempu za Uingereza, na ndani yake imo bahasha moja ambayo imenishughulisha kwa wiki mbili sasa. Ilitumwa kutoka Inverness, kaskazini mwa Uskoti, kwenda Kirkwall katika visiwa vya Orkney, na mhuri wake unasomeka vizuri kabisa: 29 Mei 1934. Imebandikwa stempu moja tu, ile ya kahawia nyekundu ya peni 1½ yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, ambayo kwa miaka ile ilikuwa ndiyo gharama ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi. Hata hivyo, aliyeitunza kabla yangu ameandika nyuma yake kwa penseli maneno haya: kwa ndege, Highland Airways.

Hapo ndipo nilipokwama. Bahasha nyingine zote za ndege nilizonazo za kipindi hicho zina malipo ya ziada juu ya stempu ya kawaida, na jambo hilo linaeleweka, kwa sababu ndege ilikuwa chombo cha gharama. Iweje basi kampuni ndogo, ambayo sijawahi kuona jina lake katika orodha ya makampuni makubwa, ibebe barua kuvuka bahari kwa peni 1½? Na kwa nini Posta iipe kazi hiyo kampuni hiyo, wakati palikuwa na Imperial Airways iliyokuwa ikipewa ruzuku na serikali, na makampuni ya reli yaliyokuwa na fedha nyingi? Ningependa pia kujua niandike maneno gani chini ya bahasha hii katika albamu, kwani sitaki kuandika jambo lisilo la kweli.

Bandari ya Kale amejibu:

Ndugu Msomaji, una kitu cha thamani mkononi, nami nafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuandika. Tarehe hiyo, 29 Mei 1934, ndiyo siku ilipoanza huduma ya kwanza ya kudumu ya barua za ndege za ndani ya Uingereza zilizosafirishwa kwa gharama ya kawaida, bila nyongeza yoyote. Njia ilikuwa hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye bahasha yako, Inverness hadi Kirkwall, na rubani alikuwa mwenye wazo la kampuni yenyewe, Kapteni Ernest Edmund Fresson.

Ili kuielewa Highland Airways ni lazima kwanza kuitazama ramani. Ncha ya kaskazini ya Uskoti na visiwa vya Orkney vimetenganishwa na mkondo wa bahari uitwao Pentland Firth, ambao mabaharia wanauheshimu sana kwa sababu maji ya Atlantiki na ya Bahari ya Kaskazini yanapishana hapo kwa nguvu kila maji yanapojaa na kupwa. Mtu wa Inverness aliyetaka kwenda Kirkwall alipanda treni ya kampuni ya LMS, na reli hiyo haikunyooka hata kidogo. Iliizunguka ghuba moja baada ya nyingine, ikaingia bara hadi Lairg, ikapanda nyika tupu za Forsinard, kisha ikateremka tena pwani baada ya safari ya zaidi ya maili 150. Kutoka Thurso, mwisho wa reli hiyo, alikwenda bandari ya Scrabster na kupanda meli ya St Ola, iliyoundwa mwaka 1892, hadi Stromness, na kutoka Stromness bado alikuwa na safari ya barabara kufika Kirkwall. Mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili hauzidi sana maili 110. Ndege iliyokwenda kwa mwendo wa kawaida wa wakati ule iliimaliza njia hiyo kwa saa moja na kitu, hata ikitua Wick katikati ya safari.

Fresson aliliona jambo hili kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa rubani wa Royal Flying Corps katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita akaishi kwa kuzunguka mashambani akiwarusha watu angani kwa ada ndogo, kazi ambayo marubani wengi wa zama zile waliifanya kwa kukosa nyingine. Mwaka 1931 alifika Orkney katika mizunguko hiyo, na tangu hapo wazo la huduma ya ratiba halikumtoka. Kampuni iliandikishwa Aprili 1933, na tarehe 8 Mei mwaka huo huo safari ya kwanza ya ratiba ikaondoka Inverness kwenda Wick na Kirkwall. Walianza na ndege moja tu, Monospar yenye injini mbili ndogo za Pobjoy, iliyochukua rubani na abiria watatu. Ndege hiyo walikuwa wameibatiza jina la Inverness.

Nakuomba ukae kidogo na idadi hiyo ya abiria watatu. Kampuni yenye viti vitatu haiwezi kuishi kwa nauli, hata kama kila kiti kitajaa kila siku. Kilichoisaidia kusimama tangu mwanzo kilikuwa gazeti. The Scotsman la Edinburgh liliipa mkataba wa kupeleka nakala zake visiwani, na fungu la magazeti lina sifa ambayo abiria hana: linasafiri kila siku, halighairi safari, na halijali kuketi mahali pafinyu. Ninavyoamini mimi, gazeti ndilo lililofungua njia ya barua, kwa sababu kazi ya magazeti hudai jambo lile lile ambalo Posta ilitaka kuliona, yaani kufika kila siku bila kukosa.

Karani Mstaafu amejibu:

Naomba niongeze upande wa Posta, kwa kuwa swali la stempu ya ziada linastahili jibu lake peke yake, na nimelifuatilia kwa miaka mingi.

Huduma ya kudumu ya barua za ndege kati ya London na Paris ilipoanza Novemba 1919, mtumaji alitozwa shilingi 2 na peni 6 za ziada kwa kila aunsi moja. Kwa mfanyakazi wa kawaida hizo zilikuwa fedha nyingi mno, na haishangazi kwamba mifuko ilikuwa myepesi. Viwango vilishuka baadaye, lakini wazo lenyewe lilibaki pale pale: ndege ni anasa, na anayeitaka ailipie. Aprili 1933, mwezi mmoja tu kabla ya Fresson kuanza, kampuni ya reli ya Great Western ilianzisha safari za ndege kati ya Cardiff na Plymouth kwa ndege aina ya Westland Wessex iliyokodiwa kutoka Imperial Airways. Mwezi uliofuata walianza kubeba barua, na kila barua ilihitaji stempu maalumu ya reli ya peni 3 juu ya stempu ya kawaida. Bila shaka unayo mojawapo ya stempu hizo katika albamu yako, kwa kuwa wakusanyaji walizipenda mno. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka huo huo.

Linganisheni sasa njia hizo mbili. Kati ya Cardiff na Plymouth, treni iliweza kubeba barua usiku kucha bila kugusa maji ya bahari, na mwenye duka aliyeandika jioni alijua barua yake itafika asubuhi. Kwa nini alipe peni 3 zaidi? Kati ya Inverness na Kirkwall, kila barua ililazimika kupita Pentland Firth, iwe barua ya mfanyabiashara au ya mama aliyemwandikia mwanawe. Posta haikuhitaji kuwatenganisha wenye haraka na wasio na haraka. Iliweza kuuchukua mfuko mzima wa barua za kawaida na kuutia ndani ya ndege, kwa hesabu kwamba huduma yake yenyewe itakuwa bora. Mfumo wa nyongeza huifanya ndege iwategemee watu wachache walio tayari kulipa zaidi, ilhali mfumo wa stempu ya kawaida huipa shehena ya uhakika. Mkuu wa Posta wa Uingereza wakati huo alikuwa Sir Kingsley Wood, mwanasiasa aliyependa kuonekana akileta mambo mapya, lakini sidhani kwamba angethubutu kuruhusu jambo hili kama kampuni isingekuwa imekwisha kuruka mwaka mzima mbele ya macho ya wote, pamoja na majira ya baridi ya kaskazini.

Majira hayo si jambo la kutajwa kwa haraka. Huko juu, mwezi Desemba, mchana haudumu hata kwa muda wa saa saba, na ukungu wa baharini huingia bila kubisha hodi. Rubani wa siku zile za mwanzo hakuwa na vyombo vya kumwongoza ndani ya mawingu, kwa hiyo aliruka chini ya mawingu, akaufuata ukingo wa pwani na miamba yake, na kuivuka bahari akiwa na mawimbi karibu chini yake. Upande wa Kirkwall alitua kwenye kiwanja cha majani katika shamba la Wideford. Posta ilipoamua kumkabidhi mfuko wa barua za Mfalme, ilikuwa imejiridhisha juu ya mtu huyo na namna yake ya kufanya kazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kukosekana kwa stempu ya ziada kusikutie shaka kuhusu bahasha yako. Hilo ndilo linaloipa nafasi yake katika historia.

Msomaji wa Stempu ameandika tena:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nilikuwa nikiitazama stempu ile moja kama kasoro, kumbe ndiyo habari yenyewe. Bado nina swali moja. Reli ya kwenda Thurso ilikuwa ya LMS, na kampuni hiyo ilikuwa na uwezo wa kununua ndege kumi kwa siku moja. Kwa nini waliiacha Highland Airways ichukue abiria na mifuko ya barua mbele ya macho yao? Nimesoma pia kwamba makampuni ya reli yaliwabana wenye ndege kwa njia za hila. Je, hilo lilitokea huku pia?

Mfuatiliaji wa Reli amejibu:

Reli hazikulala, Ndugu Msomaji, ila mwanzoni macho yao yalikuwa kwingine. Makampuni manne makubwa ya reli yalipata idhini ya Bunge kuendesha safari za ndege tangu mwaka 1929, na Machi 1934 yaliungana na Imperial Airways kuunda Railway Air Services. Kampuni hiyo ilielekeza nguvu zake kwenye njia za miji mikubwa. Ilianza kubeba barua kwa gharama ya kawaida tarehe 20 Agosti 1934, kwenye njia ya London, Birmingham, Manchester, Belfast na Glasgow. Hesabuni wenyewe: ni karibu miezi mitatu baada ya bahasha iliyo mkononi mwa ndugu yetu. Kampuni ya mkoa yenye ndege chache iliwatangulia matajiri wote wa reli.

Kuhusu kubanwa, habari hizo ni za kweli. Reli zilikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kugawana mapato, Railway Clearing House, na kupitia kwayo ziliwapiga marufuku mawakala wa usafiri kuuza tiketi za makampuni ya ndege ambayo reli hazikuyakubali. Wakala aliyekaidi alipoteza haki ya kuuza tiketi za treni, ambazo ndizo zilikuwa mlo wake wa kila siku. Silaha hii iliwaumiza hasa wale waliotegemea abiria wa miji mikubwa wanaokata tiketi kwa mawakala. Highland Airways ilihudumia watu wa eneo moja, waliomjua rubani kwa jina, na sehemu nzuri ya mzigo wake ilikuwa magazeti na barua, ambavyo havikati tiketi kwa wakala. Naona hapo palikuwa na kinga ambayo sijui kama Fresson mwenyewe aliipanga tangu awali, lakini iliwafaa.

Mfano wa uchungu ni wa jirani yao wa kusini. John Sword, mtu wa mabasi, alianzisha Midland & Scottish Air Ferries huko Renfrew, karibu na Glasgow, mwaka ule ule wa 1933. Kampuni yake ndiyo iliyofanya safari ya kwanza ya ndege ya wagonjwa nchini Uskoti, tarehe 14 Mei 1933, siku sita tu baada ya Highland Airways kuanza ratiba yake: mvuvi mmoja alichukuliwa kutoka kisiwa cha Islay akapelekwa hospitalini Glasgow. Miongoni mwa marubani wake alikuwamo Winifred Drinkwater, mwanamke kijana aliyekuwa na leseni ya rubani wa biashara wakati ambapo wanawake wa aina hiyo walihesabika kwa vidole. Lakini Sword alikuwa na cheo katika kundi la mabasi ambamo LMS ilikuwa na hisa, na mwaka 1934 alitakiwa achague kati ya mabasi na ndege. Alichagua mabasi, na kampuni ikafungwa mwaka huo huo. Kila ninaposoma habari hiyo inanisikitisha, kwa sababu visiwa vya magharibi vilikuwa vimekwisha kuonja faida ya kitu kile.

Fresson hakuwa na basi wala cheo cha kunyang'anywa. Mpinzani wake halisi alikuwa mwenye ndege mwenzake, Eric Gandar Dower, aliyefungua uwanja wa Dyce karibu na Aberdeen Julai 1934 na kuanzisha Aberdeen Airways. Uwanja ulikuwa wake, kwa hiyo Highland Airways ilipohitaji mahali pa kutua upande wa Aberdeen ilitumia Kintore. Waligombania Orkney, kisha wote wawili wakafika visiwa vya Shetland, kaskazini zaidi ya Orkney, Juni 1936, na mkataba wa barua za Shetland mwaka 1937 ukamwangukia Gandar Dower, ambaye kampuni yake ilikuwa imebadilishwa jina na kuitwa Allied Airways.

Bandari ya Kale amejibu:

Mwenzangu ameeleza vizuri, nami nitaongeza mambo mawili ili picha isije ikawa tamu kupita ukweli.

La kwanza ni ndege zenyewe. Barua hizo hazikubebwa na Monospar ya viti vitatu, bali na de Havilland Dragon, ndege iliyobadilisha hesabu ya makampuni madogo yote ya Uingereza. Ilizaliwa kwa ombi la Edward Hillman, mwenye mabasi wa Romford huko Essex, aliyetaka ndege ya injini mbili ya bei nafuu ya kuwapeleka abiria wake Paris, na iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1932. Mwili wake ulikuwa sanduku la plaiwudi lililovikwa kitambaa, mabawa yake yalipangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa nyaya, na injini zake mbili za Gipsy Major zilikuwa na nguvu za farasi 130 kila moja. Ilibeba abiria sita hadi wanane, na iliweza kutua kwenye shamba la nyasi lisilo refu. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoiwezesha Highland Airways, mwaka huo huo wa 1934, kuanza safari kati ya visiwa vya Orkney vyenyewe, hadi North Ronaldsay iliyo mbali kuliko vyote upande wa kaskazini. Viwanja huko vilikuwa mashamba ya watu, na kabla ya ndege kushuka mifugo ilipaswa kuondolewa.

La pili ni uhuru wa kampuni, ambao haukudumu. Mwaka 1935 Highland Airways iliingia mikononi mwa Whitehall Securities, kampuni ya uwekezaji ya familia ya Pearson, na mwaka 1937 iliunganishwa na Northern & Scottish Airways ya Renfrew, ile iliyochukua njia za magharibi baada ya Sword kujitoa. Muungano huo uliitwa Scottish Airways, na kati ya wenye hisa zake alikuwamo nani? LMS ile ile, pamoja na kampuni ya meli ya David MacBrayne. Hivyo jibu kamili la swali lako ni kwamba reli haikuiacha Highland Airways. Ilingoja mpaka njia ikaonekana ina faida, kisha ikaingia kwa mlango wa hisa. Fresson alibaki akisimamia njia zake za kaskazini, na vita vilipokaribia aliwashauri wakuu wa jeshi la majini kwamba uwanja wa Hatston karibu na Kirkwall ujengwe njia ngumu za lami, kwa kuwa yeye alijua majani ya Orkney yanavyogeuka kuwa tope wakati wa baridi. Ushauri huo ulifuatwa. Mwaka 1947 makampuni haya yote yalitaifishwa na kuingizwa British European Airways, na mwaka uliofuata Fresson aliondolewa kazini. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo. Leo sanamu yake imesimama kwenye uwanja wa ndege wa Inverness, na Dragon mojawapo iliyoitumikia Highland Airways, yenye usajili G-ACIT, imehifadhiwa na Science Museum.

Kuhusu maneno ya albamu, nakushauri uandike njia, tarehe, jina la kampuni, na kiasi cha stempu. Usiandike kwamba ndiyo barua ya kwanza ya ndege ya Uingereza, kwa sababu barua zilikwisha kurushwa kutoka Hendon kwenda Windsor mwaka 1911 katika sherehe za kutawazwa kwa mfalme.

Msomaji wa Stempu ameandika tena:

Nimeandika hivi, na kama kuna neno lililokosewa naomba mnisahihishe kabla wino haujakauka: "Inverness hadi Kirkwall, Highland Airways, 29 Mei 1934. Siku ya kwanza ya huduma ya kudumu ya barua za ndege za ndani ya Uingereza kwa gharama ya kawaida. Peni 1½." Maandishi ya penseli nyuma ya bahasha sitayafuta.

Karani Mstaafu amejibu:

Hakuna la kusahihisha. Ila iweke mbali na jua, kwani kahawia ile hupauka upesi.